Jina Langu Mgongoni Mwake

Majina ya watu sitayaandika humu, hata la mbwa wa jirani. Anayechukia hadithi isiyo na majina aishie hapa, sitamlaumu. Mwenyewe ningependa kuyaandika yote mawili, langu na la kaka yangu, kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini nikiyaandika kaka yangu atapoteza kazi yake ya mpira, na baada ya yote tuliyomchukulia, kazi hiyo ndiyo aliyobaki nayo.

Sisi ni mapacha. Yeye alitoka kwanza, mimi nikamfuata, kwa hiyo nyumbani yeye ni Mukubwa na mimi ni Mudogo, na majina ya vyeti tuliyaachia shule na kanisa. Tunafanana mpaka inakera. Hata mama, akituona kwa nyuma, alikuwa anakohoa kwanza ili mmoja ageuke. Mtaani kwetu Mutakura walishindwa kabisa. Walituita "wale mapacha", na aliyetaka kuonyesha kwamba anatujua alisema "yule wa mpira" na "yule mwingine". Yule mwingine ni mimi.

Tofauti ilikuwa kwenye miguu. Mpira tulijifunzia Carama, alikokulia mama, kwenye tereni, kiwanja cha udongo kilichopakana na mashamba ya maharage. Mpira ukiingia shambani, akina mama waliokuwa wanapalilia waliukamata na kutukaripia wote, isipokuwa kama aliyeupiga ni Mukubwa. Hapo waliurudisha, maana walitaka kuona atafanya nini tena. Hakuwa mtu wa mbio. Alipokea mpira akiwa amewapa mgongo mabeki, akasimama, akawa kama mtu anayewaza ale nini jioni, halafu ghafla mabeki wako huku na yeye yuko kule. Mimi nilikuwa nakimbia kuliko wote na sifiki popote.

Sasa sikia jambo ambalo watu wa mbali hawalijui. Kwetu Burundi mapacha hawabaguliwi. Si mapenzi tu, ni hofu. Ukimpa mmoja na kumnyima mwenzake, watu wanaamini yule aliyenyimwa atashikwa na ugonjwa, na ugonjwa huo hospitali hawauoni. Mama alisema aliyaona kwa macho yake: pacha mmoja wa majirani zao alinunuliwa viatu peke yake, na mwenzake akazikwa kabla viatu havijachakaa. Baba alikuwa Mkongomani, alivuka mpaka kutoka upande wa Uvira akikimbia vita, na mambo hayo mwanzoni aliyacheka. Mama hakucheka. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani Nyakabiga, akazoea kukata kila shati mara mbili kutoka kitambaa kimoja.

Ndivyo tulivyolelewa. Mmoja akikosa, wote tunapigwa. Mukubwa akishikwa na malaria, na mimi nanyweshwa ile dawa ya majani, chungu ajabu, wakati mimi ni mzima wa afya naruka kamba. Nililalamika, lakini kusema uongo dhambi, nilipenda. Mtoto sina kipaji chochote, na kila kizuri anachopewa mwenye kipaji kinanifikia na mimi! Niliona ni haki yangu, na wala sikujiuliza kama kuna mtu inamgharimu.

Kocha wa timu moja ya vijana ya Nyakabiga alipokuja kumwomba Mukubwa, mama alinishika mkono, akanisimamisha mbele yake, akasema na huyu. Kocha alikuwa amekwisha kuniona nikicheza, masikini. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akakuna kichwa. Lakini naye ni mtoto wa hapa hapa, anajua mapacha ni nini, na hakutaka siku moja nife halafu wamnyoshee kidole. Akanichukua. Nikapewa jezi yenye namba na nafasi kwenye benchi, na nafasi hiyo niliilinda vizuri sana, hakuna aliyeninyang'anya.

Baba naye alikuwa na jambo lake juu ya Mukubwa. Alimpa jina la baba yake mzazi, babu yetu, ambaye alibaki ng'ambo wakati wa kukimbia na mpaka leo hakuna ajuaye kama ana kaburi. Mimi nilipewa jina la kumshukuru Mungu, kama nusu ya watoto wa mji huu. Baba alikuwa anakanyaga cherehani yake huku anasema kwamba siku moja uwanja mzima utaliita jina la baba yake, na siku hiyo atahesabu kwamba mzee amezikwa. Alisema kwa utani. Lakini utani huo aliurudia mara nyingi mno, nasi tukazoea kuusikia.

Tulipokuwa vijana wa kuanza kunyoa ndevu, kocha alitangaza kwamba kuna mtu anakuja kutoka Dar es Salaam, wakala anayetafutia timu moja ya kule wachezaji. Wote tulijua anamfuata nani. Na mama alijua. Aliniita jikoni, akaniambia kama ni kwenda tutaenda wote, kama ni kubaki tutabaki wote, na kwamba kocha ameshamwambia hivyo hivyo. Mukubwa alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Hakubisha. Alikaa tu pale akitazama viatu vyake, na mimi nikaendelea kumenya viazi.

Kocha, ili asiingie kwenye matatizo na mama, alipanga hivi: Mukubwa acheze kipindi cha kwanza, mimi niingie badala yake kipindi cha pili. Namna hiyo kila mtu atakuwa ameonekana. Alipolisema hilo alikuwa anatazama pembeni, kwa sababu alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kuonekana kwangu ni balaa tupu.

Kipindi cha kwanza Mukubwa alibanwa. Beki wa wale wapinzani, jitu halina hata shingo, lilimkanyaga kila alipougusa mpira, na mwamuzi anaangalia ndege. Kaka yangu alicheza vizuri, lakini vizuri vya kawaida, hakufanya lile jambo lake. Mtu wa Dar alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ameipishanisha, haandiki kitu wala hasemi kitu. Mapumziko yakafika. Mi nilikuwa natetemeka. Sisemi wasiwasi, meno yalikuwa yanagongana, kwenye joto la Bujumbura. Niliona tayari yule bwana akinicheka, mama akigoma, na kaka yangu akirudi kwenye maharage ya Carama kwa sababu yangu.

Tukaenda nyuma ya ukuta, mahali pa kukojoa. Nikavua jezi yangu nikampa.

"Ingia weye," nikamwambia. "Mi siwezi."

Aliishika kwa muda bila kuivaa. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Wote wawili tulikuwa tunawaza jambo lile lile: mtu wa Dar ataona mapacha wawili wanaojua mpira, atawachukua wote, mama ataridhika, na ya mbele tutayajua mbele. Hata leo nikiliangalia lile wazo naona lilikuwa na akili. Akaivaa. Mi nikavaa yake iliyolowa jasho, nikaenda kukaa benchi nikihema kwa makusudi ili nionekane nimechoka.

Wenzetu walielewa papo hapo, mmoja akacheka mpaka akashika tumbo. Hakuna aliyesema, nani anataka kesi na mapacha? Kocha alitambua mara tu kaka yangu alipougusa mpira wa kwanza. Alinigeukia, nikainamisha macho, naye akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Na kile kipindi cha pili, Mungu wangu. Lile jitu lilikuwa limeishiwa pumzi. Mvua ikashuka, vumbi likawa tope, kila mtu anateleza isipokuwa mtu mmoja aliyekulia kwenye tope la Carama. Alifunga mara mbili. Bao la pili alimpita kipa, akausimamisha mpira kwenye mstari, akageuka kunitafuta pale benchi, ndipo akausukuma ndani taratibu. Nilishangilia kama mwendawazimu.

Kesho yake mtu wa Dar alikuja nyumbani pamoja na kocha. Alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Alisema watoto wote wawili ni wazuri, amefurahi sana, lakini timu yake imebakiwa na nafasi ya mgeni mmoja tu. Anayemtaka ni yule wa kipindi cha pili. Akataja jina langu.

Kocha alikohoa. Mama akajibu kabla ya baba, kwamba mapacha hawatenganishwi. Mgeni akamweleza kwa heshima kwamba hana uwezo wa kuwachukua wawili, akaomba tufikirie, atapita tena kabla hajaondoka mjini. Akamaliza fanta yake, akashukuru, akaaga. Nilimtazama Mukubwa. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba amechaguliwa na amekosa kwa wakati mmoja.

Tukawaambia wazazi ukweli, mimi naanza yeye anamalizia. Baba alisimama pale pale. Alisema tumfuate yule bwana, tumwambie vipindi vyote viwili alicheza mtu mmoja, na jina lake ni hili. Mama akamwambia akae. Akamuuliza, mtu akisikia familia hii imemdanganya, atamchukua mtoto wa familia hii? Na hata akimchukua, akamchukua mmoja na miguu yake na jina lake, huyu mwingine anabaki na nini? Alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole. Alikuwa ameshaanza kunitazama kama mgonjwa. Halafu akatoa hukumu yake.

"Mukubwa ataenda na miguu yake. Mudogo ataenda na jina lake. Mutakuwa mumeenda wote."

Usicheke. Kwa mama mambo yalikuwa yamekaa sawa: kila mmoja amepata nusu, hakuna aliyenyimwa, hakuna atakayezikwa. Alitulia kabisa, akakaa chini, akaanza kuchambua mchele. Ni mama wa mapacha tu anayeweza kufika pale, na namwapia mtu yeyote kwamba hakuwa na hila hata chembe. Alikuwa anatugawia jina na miguu kama alivyotugawia ndizi tangu tunatambaa.

Baba alisema kwa sauti ya chini kwamba alitupa majina mawili kwa sababu sisi ni watu wawili. Kisha akanigeukia mimi, si Mukubwa.

"Na we, jina ni lako. Unasema nini?"

Hapa ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Ningeweza kusema apana. Ningeweza kumwambia mama kwamba mi sitaugua, sitakufa, mumuache aende alivyo. Baba angemfuata yule bwana, angembembeleza, na bwana mwenyewe alikuwa muungwana, nani anajua. Neno langu moja lingetosha, maana mimi ndiye niliyekuwa ninaogopewa. Nikasema sawa tu. Mchungaji mmoja niliyemweleza habari hii alinifariji, akasema nilikubali ili ndugu yangu asikose nafasi yake. Ningependa iwe hivyo. Lakini wakati nafungua mdomo, kichwani nilikuwa nasikia redio. Nilikuwa namsikia mtangazaji wa Dar akiliita jina langu kwa kelele, anairefusha ile herufi ya mwisho, na mimi nilitaka kulisikia. Nilitaka sana, jamani. Hilo mchungaji sikumwambia.

Pasipoti ikatoka: jina langu, sura yetu, vidole vyake. Mimi nikabaki na kitambulisho chake, maana mtu hawezi kutembea mjini bila kitu mfukoni. Kwenye kituo cha basi baba alimkumbatia Mukubwa muda mrefu, akamnong'oneza kitu sikioni. Baadaye Mukubwa aliniambia ni jina lake tu, alilitaja mara moja, hakuongeza neno.

Mwanzo kule ulikuwa mgumu. Alikaa benchi, akaonja na yeye niliyoyazoea mimi. Kwenye mazoezi wakimwita alikuwa hageuki, wakadhani ana kiburi au masikio mabovu, mpaka akajifundisha kuitika. Walimcheka kwa Kiswahili chetu, kwa "mutu" na "mutoto", akawa mtu wa kunyamaza. Halafu mshambuliaji mmoja akaumia, akaingizwa, na mambo yakabadilika. Msimu wa pili alikuwa anaanza kila mechi. Msimu wa tatu walikuwa wanamwimbia.

Mi nilikuwa nimefungua kibanda cha kutengeneza simu pale soko la Mutakura. Mechi zao nilizisikia kwenye redio ya muuza mikate wa jirani. Siku ya kwanza lile jina lilipotoka, likarefushwa vile vile nilivyowaza, nilijificha nyuma ya kibanda nikacheka peke yangu. Nakwambia nilicheka kwa furaha. Ilichukua muda, labda mwaka, kabla ya kuanza kuona vibaya nikilisikia. Kwanza nilianza kuzima redio bao likifungwa. Muuza mikate alishangaa.

Maana mtaani nao walikuwa wamepiga hesabu zao. Wakasema, kumbe yule wa mpira alikuwa mudogo! Na mimi, kwa kuwa karatasi yangu ilisema hivyo, nikawa mukubwa. Wakaanza kunipa pole. Mukubwa, we ulikosa bahati, mudogo wako amekupita. Mukubwa, si hata wewe ulikuwa unajaribu jaribu mpira zamani? Mtoto aliyewasimamisha akina mama wa Carama na majembe mkononi, sasa anakumbukwa kama yule aliyekuwa anajaribu jaribu. Nami nilikuwa naitika, asante, ndiyo maisha.

Na hilo jina lake nililitumia vibaya. Nililewa nalo, nikagombana nalo. Kabla ya kibanda nilipata kazi kwenye ghala moja, nikafukuzwa kwa uvivu, na mtu aliyefukuzwa kwa uvivu, kwa mujibu wa karatasi, ni kaka yangu, ambaye saa hiyo hiyo yuko Dar anapanda ngazi za uwanja mbio mbio na kiroba cha mchanga mgongoni. Jina la babu yetu, la mzee asiye na kaburi, nimelitia saini kwenye polisi kwa sababu ya ngumi za baa. Baba alikuja kunitoa. Polisi akamuuliza ni mtoto wake huyu, akataja jina. Baba alinitazama mpaka nikadhani atakataa, halafu akasema ndiyo.

Vijana wa Nyakabiga walianza kumletea baba jezi ili awabandikie mgongoni jina la mwanawe maarufu. Aliwaambia mashine imeharibika. Walimwona anashona suruali, anashona sketi za shule, anashona mapazia, lakini kwa jina lile mashine ilikuwa imeharibika. Hakuwahi kunigombeza. Nilikuwa nampitia kazini kwake jioni tutoke pamoja, tunazungumza bei ya sukari.

Kisha Mukubwa akachaguliwa timu ya taifa, na mechi ikapangwa hapa hapa Bujumbura. Baba alikuwa ameanza kuumwa kisukari, macho yamefifia, anatembea na fimbo. Akasema atakwenda. Mama akasema jua litamuua, akasema basi limuue. Nilimshika mkono tukapanda ngazi polepole, tukapata nafasi katikati ya kundi la vijana waliojipaka rangi usoni. Wengi wao mgongoni walikuwa na jina langu. Nilikaa kati yao na kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, nisitambulike kwa sura.

Kipindi cha pili ndipo alipofanya jambo lake. Aliupokea mpira akiwa amewapa mgongo, akasimama, na mimi nikamgusa baba goti kwa sababu nilijua kinachofuata, uwanja mzima hawajajua bado. Akageuka. Bao. Uwanja ukainuka na jina langu. Sijui kueleza. Mji mzima unakuita, kwa mapenzi yote, na hakuna hata mmoja anayekuita wewe.

Baba naye alikuwa amesimama. Fimbo imeanguka chini, mikono ameizungushia mdomo, anaita jina jingine. Anaita kwa nguvu zake zote, jina la baba yake, peke yake katikati ya kelele zile. Kijana mmoja aliyejipaka rangi akamgusa bega kwa adabu, akamwambia mzee unachanganya, huyo ni mwingine, huyu aliyefunga ni mudogo. Watu wakaanza kugeuka. Niliona wanamtazama yeye, kisha wananitazama mimi, na nikaogopa. Nikamvuta koti.

"Baba, kaa."

"We nyamaza," akasema, hakunitazama. "Namuita mutoto wangu."

Aliita mpaka sauti ikakatika, halafu akakaa. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na nilichojichukia zaidi ni kwamba nilimvuta koti. Nilimnyamazisha. Baada ya yote niliyoyafanya, kitu cha kwanza kilichonijia ni kulinda siri.

Kesho yake timu ilimruhusu Mukubwa aje kula nyumbani. Mama alimpokea kwa vigelegele. Baba alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamchunguza kwa macho yale mabovu, akarudi kulala. Baada ya chakula tulitoka uani, tukakaa kwenye ngazi, nikamwambia aniache niseme. Niende kwenye ofisi zao, niende redioni, popote. Jina ni langu, kosa ni langu, jezi nilivua mimi.

"Useme nini?" akaniuliza. "Ukisema, timu wananifukuza, na mabao yote nimefunga yanakuwa ya mutu hayuko. Hapa siko na jina, kule sitakuwa na kazi. Niache nicheze mpaka miguu ichoke. Nikimaliza nitakurudishia."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Angenipiga hata kofi, ningelala vizuri. Alinipiga bega, akatania, akaniuliza la kwake nalitunza vipi. Nikamwambia vizuri. Nilikuwa nawaza saini ya polisi, na ghala, na watu wote wanaomwita mtu wa kujaribu jaribu. Akasema vizuri, litunze, nitalihitaji.

Baba hakumngoja. Alifariki kabla ya msimu kwisha. Mukubwa alifika kwa ndege asubuhi, tukazika, akaondoka jioni. Waandishi wa habari walipiga picha zake kaburini na chini yake wakaandika jina langu. Kwenye ibada waliposoma watoto wa marehemu, wa kwanza akatajwa, na aliyetakiwa kusogea na udongo mkononi ni mimi. Nilisogea. Nilimtangulia kaka yangu kwenye kaburi la baba yetu, watu wanatazama, na yeye akanipisha.

Kule Dar ameoa. Mkewe anajua kila kitu, alimwambia kabla ya kumchumbia. Yeye ndiye pekee katika nchi ile anayemwita kwa jina lake, wakiwa ndani, mlango umefungwa. Mukubwa aliwahi kuniambia kwamba mara ya kwanza alipoitwa vile, alichelewa kuitika.

Mwezi uliopita alinipigia mchana, nikiwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani, vipande vyote nje. Nilijua wanatarajia, nikaacha kila kitu. Akasema mtoto amezaliwa, wa kiume, mama yake mzima, kilo zake nzuri. Nilianza kupiga kelele mpaka muuza mikate akachungulia. Mukubwa alisubiri ninyamaze.

"Wameniuliza jina la baba yake," akasema. "Nimewapa lako."

Nyuma yake nilisikia kichanga kinalia, na mwanamke anakibembeleza.

"Kwenye karatasi ni mutoto wako, Mudogo. Nimeona ni vizuri uambiwe."

Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa ananitaarifu, kama unavyomtaarifu mwenye mali. Nilifungua mdomo nimwambie hongera, neno ambalo hata mpita njia angemwambia, na halikutoka. Nikamwambia pole. Mtu amepata mtoto wake wa kwanza asubuhi ile, bado hata hajalala, na mimi ndugu yake namwambia pole. Akaipokea. Akasema asante.